Mwanahawa wa Pili

Kila Ijumaa watu wote wa mji walipakiwa upya kwenye Faharasa, orodha ya mtambo ulioendesha nyumba zote, na ambaye hakuwemo hakuna mlango uliomfungukia, hata wa kwake. Upakiaji haukumsubiri mtu. Jina lililokataliwa liliwekwa kando hadi wiki iliyofuata.

Shekue, fundi wa upakiaji, aliona jina la mkewe limewekwa kando. Akalipakia tena kwa siri, kisha akakimbia nyumbani.

Alimkuta Mwanahawa jikoni akikaanga samaki, taa inawaka. Akashusha pumzi.

"Mwanahawa yuko jikoni," nyumba ikasema. "Mwanahawa yuko chumbani."

Mkewe akacheka kidogo. "Baba Zaituni, huko chumbani umemweka nani?"

Shekue akatoka jikoni kwenda kuangalia chumbani. Kumbe jina lilikuwa limeingia tangu mara ya kwanza, jibu la Faharasa tu ndilo lililochelewa, likahesabiwa limekataliwa. Na Faharasa ikikuta wawili wa jina moja, humbakiza aliyeingia mwisho, na sasa huyo alikuwa yule wa chumbani.

Taa ya jikoni ikazimika. Mlango ukajifunga katikati yao.

"Baba Zaituni," Mwanahawa akaita kutoka gizani, "mlango haunijui."

Kule chumbani, ambako hakukuwa na mtu, nyumba ilikuwa ikimuuliza Mwanahawa kwa upole kama anasikia baridi.