Unyoya Mmoja

Maua ya tikiti hufunguka alfajiri na kufumba adhuhuri, ndiyo maana Mashavu alikuwa akikimbia. Joto lilikuwa limeyafanya yachanue mwezi mzima kabla ya wakati wake, na nyuki walikuwa bado hawajarudi kwenye mzinga wao kando ya shamba. Alipaka chavua ua kwa ua, kwa unyoya wa kuku.

"Hodi, wenyewe!" Mumewe aligonga mzinga mtupu, kama alivyogonga kila siku.

"Baba Rukia, unambishia nani hapo? Njoo ushike unyoya!"

Alipofika karibu, alimshika mkewe bega. Nyuki mmoja alikuwa ametua kwenye unyoya wa Mashavu, akitambaa juu ya unga wa manjano.

"Usitikisike," mumewe alinong'ona. "Amekuja."

Mashavu akaganda. Shamba zima, maua yakaanza kufumba.