Kuku Watano wa Uzazi

Nazira aligonga debe mara tatu, lakini mwewe alikuwa ameshanyanyuka. Kifaranga aliyepakwa rangi ya zambarau alilia juu ya mnazi, akalia tena mbali, upande wa ghuba, kisha hakusikika.

"Amekwenda naye," alisema Bi Cadija, mamamkwe wake, akishusha manati. Jiwe lilikuwa bado kwenye ngozi ya manati. "Mshenzi yule. Hata rangi hakuiogopa."

Rangi ilikuwa wazo la Bi Cadija: dawa ya vidonda ya zambarau, vifaranga wapakwe mwili mzima, mwewe asiwatambue. Kabla ya rangi walitandaza nyavu kuukuu kutoka paa la jiko mpaka kwenye mpapai. Vifaranga walitoka kutafuta mchwa, na mwewe akawangoja ukingoni. Kabla ya nyavu lilikuwa tenga. Walifunikwa humo mchana kutwa siku tatu; wawili wakafa kwa joto.

Walitotolewa kumi na mmoja. Walibaki watano.

Watano ndio waliotakiwa. Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mwanamke, na mama wa Nazira aliishi Quionga. Lakini mke haendi mikono mitupu. Huenda na kuku watano wa supu ya uzazi, aliowalea mwenyewe katika ua wa mumewe. Wa kununua hawahesabiki; vifaranga wanahesabika, watakulia huko. Rafique, mumewe, aliyefanya kazi kisiwani Vamizi, alilisema hilo kwenye simu bila kupandisha sauti.

"Ukienda na wanne, watasema nimekufukuza."

Mimba ilikuwa ya miezi saba. Muuguzi alikuwa amesema wazi: ukiingia wa nane, usipande gari kwenye barabara ile. Gari la Quionga lilikuwa la Jumamosi tu, na kabla ya Jumamosi ya pili mwezi wa nane ungekuwa umeingia. Leo ilikuwa Jumatano.

Kabla ya hawa kulikuwa na kundi jingine la vifaranga tisa. Hakubaki hata mmoja. Kwa hiyo huu ulikuwa mwezi wa tatu Nazira hajavuka mlango wa ua. Alikaa kwenye kigoda akitazama juu mpaka shingo ikamkakamaa. Kisimani alikwenda Bi Cadija. Sokoni, Bi Cadija. Hata samaki aliwaparua yeye, asubuhi na mapema, nyuma ya jiko.

"Lala mpaka jua lipande, mwanangu. Miguu imevimba. Kazi yako ni moja tu, na iko angani huko," mama mkwe alimwambia kila siku.

Jirani yao Olinda, Mmakonde aliyehamia kutoka bara, alichungulia juu ya ua wa makuti. Vifaranga wake kumi na wanne walizagaa njiani bila nyavu wala rangi.

"Shoga, mwewe wenu amesoma? Anapita juu ya wangu kama hawaoni, anakuja kutua kwenu."

"Labda wako hawana nyama," Nazira alimjibu.

"Au hanijui kwa jina!" Olinda alicheka. "Na nyinyi usafi umewazidi. Samaki kila siku, hata nzi hamna. Kwangu matumbo ya samaki yananuka mpaka barazani."

Jioni Bi Cadija alimkanda Nazira miguu kwa mafuta ya nazi.

"Nyumba hii haijasikia mtoto akilia tangu Rafique," alisema. "Miaka thelathini na moja."

"Nitamleta, mama. Arobaini ikiisha tu."

"Inshallah," alisema Bi Cadija, akaendelea kukanda.

Alhamisi hakupotea kifaranga. Ijumaa hakupotea. Usiku ulipoingia Nazira alifunga kanga zake na nguo za mtoto katika furushi moja. Vifaranga watano walifunikwa chini ya tenga, na Nazira mwenyewe akaweka jiwe juu yake. Gari lilikuwa linaondoka saa mbili asubuhi.

Jumamosi, teke la mtoto lilimwamsha mapema. Nje kulikuwa kumeshapambazuka. Alitoka polepole kwenda kuwahesabu vifaranga kwa mara ya mwisho, akafika kwenye pembe ya jiko, akasimama.

Bi Cadija alikuwa amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, bakuli mkononi. Aliweka kipande kimoja cha utumbo wa samaki juu ya paa la jiko, kimoja tu, akafunika bakuli. Kisha akapiga mluzi mfupi. Mwewe alishuka kutoka kwenye mnazi bila haraka, kama kuku aliyeitwa kula.

Mwewe alipokimaliza aliinamisha kichwa, akangoja. Bi Cadija akashuka, akaliendea tenga, akaondoa jiwe.