Nyumba Ndogo Yenye Matairi

Winfrida alilitia kufuli kwenye pete za mlango wa gari, akalibana mpaka likalia. Leo angemfumania mumewe.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la petroli, limebeba kitanda, jiko na mapazia mgongoni kama nyumba. Drashti, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini, alilinunua ili apeleke watalii Kisaki. Tangu alilete gereji kwa Fidelis, hapo Kihonda, Fidelis akawa hana gari jingine la kutengeneza.

"Eksozi imeoza, moshi unaingia ndani," alimwambia mkewe. "Nikiziba huku, inatobokea kule."

Winfrida alisikiliza, akampakulia ugali. Fidelis hakuugusa. Alishinda humo garini na yule dada, madirisha yamefungwa, akarudi macho mekundu, kichwa kinamgonga, miguu imelegea. Mwanamume anayerudi hivyo, mkewe haulizi ametoka wapi. Tena juzi alipopeleka chakula aliwakuta wameketi ngazini, Drashti amemwegemea begani, anachekacheka kama mlevi.

Prisca, muuza mboga wa kutoka mlimani, naye aliona.

"Shoga, waume wa wenzio nyumba ndogo zao ziko mbali, huko Mzinga. Wako kaiwekea matairi, ije mpaka mlangoni."

Wanawake walicheka. Winfrida naye alicheka, huku moyo ukimchemka kama maharage.

Sasa gari lilikuwa linaunguruma, mapazia yameshushwa, buti za kazi za Fidelis ziko ngazini. Chumba hicho cha nyuma hakina njia ya kupitia kwa dereva, na madirisha yana nondo za kuzuia wezi. Hapakuwa na pa kuchomokea.

Ndani wakaanza kugonga. Kwanza taratibu, kisha kwa ngumi. Kama kulikuwa na maneno, muungurumo uliyameza.

"Gongeni," Winfrida alisema chini kwa chini. "Mkichoka mtavaa."

Akaenda mbio kwa mjumbe. Mzee Ezekiel alikuwa ndiyo kwanza anakunywa chai.

"Shikamoo, mjumbe."

"Marahaba. Una hakika, mwanangu? Fumanizi likikosa ushahidi, aibu inamrudia aliyeita watu."

"Buti zake ziko mlangoni, mjumbe. Nimewafungia."

Mzee alimaliza chai yake, akatafuta kofia, akaipangusa. Kazi ya serikali haiendi kichwa wazi. Njiani watu wakaongezeka, kila aliyesikia akaacha alichokuwa anafanya. Prisca alitua tenga lake kwa jirani akafuata.

Walipofika, kugonga kulikuwa kumekoma.

"Wanavaa," Prisca alisema, na umati ukaangua kicheko.

Mjumbe akabisha mlango kwa fimbo. "Fidelis, toka kwa heshima zako. Na huyo mgeni wako pia."

Injini tu ndiyo ilikuwa inaunguruma.

"Sauti hawana," mtu mmoja alidakia. "Aibu imewakaba."

Winfrida akachomoa ufunguo kifuani, akaunyoosha juu watu wote wauone.

Nyuma ya umati bodaboda ikasimama. Akashuka Fidelis, raba miguuni, bomba jipya la eksozi begani. Watu wakampisha, na kicheko kikazimika mdomo kwa mdomo.

"Kuna nini hapa?" aliuliza. "Na nani kaweka hilo kufuli? Nimemwacha Drashti humo ndani, aangalie moshi unaingilia wapi. Nimemwambia kichwa kikianza tu kumuuma, afungue mlango atoke."