Ugomvi wa Akina Pennacott

Mheshimiwa Digory Pennacott alitumbukia kwenye birika la kunyweshea farasi, kichwa chini miguu juu, na aliyemsukuma alikuwa Hannibal, kaka yake wa tumbo moja.

Soko zima la Torbury lilipasuka kwa kicheko. Wauza jibini waliacha jibini. Mchungaji mwenyewe alipanda juu ya pipa apate kuona vizuri.

"Huyo ndiye mbunge wenu!" Hannibal alinguruma, upanga mkononi. "Mkamtumie kuoshea vyombo! Mimi nakwenda kumpigania Mfalme, na nikikutana na huyu ndugu yangu vitani namchinja kama nguruwe!"

Digory aliibuka akitema maji. "Nenda, kibaraka! Mimi narudi London Bungeni. Tukishamwangusha huyo Mfalme wako, nitakukamata mwenyewe, nikufungie bandani ulale na kuku!"

Watu wakapiga miluzi. Tangu Bunge na Mfalme waanze vita, nusu ya mji ilikuwa huku na nusu kule, lakini kioja kama hiki hawakuwahi kukiona.

Thomasin, mke wa Digory, hakucheka. Ndoa yenyewe ilikuwa bado mbichi, na tayari alijiona mjane. Alikunja gauni, akatimua mbio hadi shambani kwa mama mkwe.

Alimkuta Bibi Jaquet jikoni akimnyonyoa bata bukini, anapiga mluzi.

"Mama! Wanao wanauana huko sokoni!"

"Watu walikuwa wengi?"

"Watu wa nini tena, Mama? Hannibal ana upanga!"

"Nakuuliza, mchungaji alikuwepo? Maana yule akiona jambo, kabla jua halijazama wilaya nzima inalo."

"Alikuwepo!"

"Haya, vizuri." Bibi alipuliza unyoya uliomnasa puani. "Hebu kaniletee matofaa ghalani, mwanangu. Chagua yasiyo na michubuko."

Thomasin alitaka kupiga mayowe. Mama gani huyu? Lakini mkwe hakataliwi. Akaenda, machozi yakimchuruzika, akawapita farasi wawili waliokuwa wakihema nyuma ya ghala, akausukuma mlango.

Juu ya lundo la matofaa, ndugu wawili walikuwa wamejifunika blanketi moja, jagi la pombe katikati yao, wakicheka hadi pumzi zinakata.

"Shemeji!" Hannibal alipaza sauti. "Umeona nilivyomrusha?"

"Si tulikubaliana unisukume kidogo tu, mshenzi wewe?" Digory alijipiga sikio, maji yakamtoka. "Nimemeza hadi mate ya farasi!"

Thomasin alibaki kinywa wazi. Nyuma yake, Bibi Jaquet alikuwa ameshafika, bata mkononi.

"Funga mlango, mwanangu, na haya yaishie humu humu. Wakubwa wananyang'anya mashamba ya maadui zao. Sasa, akishinda Mfalme, Hannibal ataliomba hili la kwetu. Likishinda Bunge, ataliomba Digory. Vyovyote itakavyokuwa, mimi hapa sihami."

Thomasin alijaribu kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimpanda, akaangukia matofaa, mbavu zinamuuma.

Ndipo Digory, mbunge ambaye hotuba zake za kumtukana Mfalme zilisomwa kwa sauti katika kila kilabu cha pombe, akamgeukia mama yake kwa sauti ya kubembeleza.

"Mama, hebu tuvute upya vile vijiti vya kuamua nani awe upande gani. Mimi ndiye ninayempenda Mfalme."