Kemia ya Mwaka wa Kwanza

Mwanaidi alikuwa na shahada ya uzamili yenye alama za juu, lakini chuo cha udaktari wa tiba kilimkataa.

"Alama za uzamili tunazitazama kando, dada," afisa wa udahili alimweleza. "Wastani tunaoupima ni wa shahada ya kwanza, na wako umeshushwa na kemia."

"Nikiisoma upya, mtaihesabu?"

"Tutaihesabu."

Muhula ulipofunguliwa, akaingia maabara ya kemia ya mwaka wa kwanza. Mhadhiri wa somo hilo, Mshindo, alikuwa amesoma naye uzamili. Alipomwona alichangamka, akamsogezea kiti chake.

"Karibu, mwenzangu! Umekuja kunisaidia kufundisha?"

"Nimekuja kusoma, Mwalimu."

Vijana wa darasa wakacheka chinichini. Mshindo hakucheka. Alijua kuwa angekuwa yeye, asingethubutu hata kuuvuka mlango ule.

Mwanaidi alivaa koti jeupe, akasimama meza ya mbele, akaanza kudondosha dawa kutoka kwenye bomba la kioo hadi kwenye chupa ya asidi. Asidi ikiisha nguvu, rangi ya waridi ilitakiwa ionekane kwa mbali tu. Yake ikakolea ghafla, nyekundu kama juisi ya choya.

Mshindo akamwinamia. "Acha tu, nitakuwekea alama. Uwezo wako naujua."

"Ahsante, Mwalimu. Lakini sijapatia."

Akaimwaga, akaosha chupa, akaanza upya. Safari hii vijana waliziacha meza zao, wakaja kumzunguka. Mshindo naye akasogea, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kwenye ncha ya bomba la kioo, tone lilikuwa linajaa taratibu.