Maharagwe Kumi kwa Kila Mtoto

Pasteur Gamaliel hakubisha hodi. Alisukuma mlango wa darasa la kwanza, mkono mmoja umefumbwa ngumi, na mke wake Katungu alimfuata nyuma, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Watoto wakasimama wote kama walivyofundishwa.

“Bonjour, Monsieur!”

Mwalimu Ngalula alifumba macho. Ilikuwa bado asubuhi, na tayari alikuwa amechoka kama mtu aliyelima shamba la wenyewe. Tangu shule ya msingi iwe bure, watoto walikaa wanne kwenye benchi ya wawili, na yeye aliyetoka Kasai kuja kufundisha shule hii ya Wakatoliki, Butembo, hakujua ataazima wapi sauti ya kesho.

“Mukae, batoto. Pasteur, karibu.”

“Hapana karibu, Madame.” Alifungua ngumi. Kamba ya maharagwe ikaanguka mezani, imeviringwa na kufungwa. “Nilikuta hii chini ya matandiko ya Léa. Miye, pasteur, mu nyumba yangu, rozari!”

Ngalula karibu acheke, ila hata kicheko kinataka nguvu. Alimwonyesha mabenchi. Karibu kila mtoto alikuwa na kamba kama ile, shingoni au mkononi. Vijiti vya kuhesabia viliisha wakati wa likizo. Wakimbizi waliolala darasani walivipikia, na nani awalaumu? Basi aliwaomba akina mama waloweke maharagwe, wayatoboe kwa sindano, wawatungie watoto wao. Kumi tu, kwa sababu darasa la kwanza lilikuwa bado halijavuka kumi. Hakukana kwamba wazo lenyewe lilimjia kanisani, akiwa ameshika rozari yake, punje kumi, moja peke yake, kumi tena, na kusinzia badala ya kusali.

“Ni calcul, Pasteur. Ni hesabu tu. Saa ya sala Léa anatokaka inje, vile mulisema. Anangojeaka pale ku veranda.”

“Na maneno? Kila usiku nasikia mu chumba ya batoto: Salamu Maria, Salamu Maria. Hesabu gani ile? Tangu tulipokea bakimbizi ba Kirumba, mama yake analalaka kule naye. Katungu, sema!”

“Miye nasinziaka tu, Papa Léa,” Katungu alisema, akiangalia sakafu. “Nachokaka.”

Ngalula alimwamini. Mwanamke mwenye wageni nyumba nzima, na kaka yake aliyekwenda kulima Eringeti, kwenye vita, hana habari zake tangu masika, huyo akipata pa kulaza kichwa atasikia nini?

Léa aliitwa mbele. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika jina lake ubaoni, na ndiye aliyewashika mkono wenzake walioshindwa. Bila mtoto yule Ngalula angekuwa amekwisha kuomba kurudi kwao. Sasa baba alikuwa amesema: ikiwa ni kweli amefundishwa hapa, Léa anatoka leo, anahamia shule ya kanisa lao la Kiprotestanti, kule mwisho wa mji, ng'ambo ya barabara kubwa ambako malori yanashuka bila kumwona mtu mdogo.

“Léa, nani alikufundisha Salamu Maria?” baba aliuliza.

Mtoto alimtazama baba, akamtazama mama. Kwa mama alikawia.

“Ni hapa, Papa. Ku masomo.”

“Hapa na nani, Léa?” Ngalula aliuliza. “Sema, usiogope.”

Léa alianza kulia bila sauti. Ngalula aliumia. Je, mtoto anayempenda kuliko wote amemsingizia mbele ya darasa, au kuna mwingine humu aliyemfundisha kwa siri? Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza, akiwapitisha macho wale wadogo wote. Angeweza kubisha. Angeweza kumwita Soeur Eliane, mtawa, directrice wa shule. Lakini Soeur angeuliza maswali yale yale, na yeye hakuwa na pumzi ya kuyasikia tena.

“Utusamehe, Pasteur. Nitachunguza. Mais umuache mutoto, anasoma muzuri.”

“Imeisha. Léa, kamata mufuko yako.”

Léa alipita kati ya mabenchi. Wengine walimwambia au revoir, wengine walidhani anakwenda chooni. Baba akamshika mkono, Katungu akawafuata.

Ngalula aliketi. Hakutaka watoto wamwone uso, kwa hiyo aliwaambia wahesabu. Moja, mbili, tatu, wakaanza kuimba, kila mmoja akisogeza harage lake. Aliivuta ile kamba iliyobaki mezani. Mtoto mmoja wa benchi ya mbele alikuwa amepoteza ya kwake. Angalau ingemfaa yeye. Aliifungua, akaanza kuinyoosha.

Watoto walifika kumi, wakarudi kwenye moja. Vidole vya Ngalula vilifika kumi, vikakuta fundo, halafu harage moja peke yake, halafu fundo, halafu kumi mengine. Baada ya hayo yalikuja mengine, na nyuma yake mengine.

“Nasahau ardoise ya Léa!” sauti iliita huko uani, kubwa, ya kusikika mpaka barabarani.

Katungu aliingia. Hakutafuta kibao cha kuandikia, wala hakuangalia benchi ya mtoto wake. Alikuja moja kwa moja mpaka mezani, akafungua kiganja.

“Unirudishie, Madame,” alinong'ona. “Ya leo sijamaliza bado.”