Jaribio la Mwisho

Siku hizi anayevamiwa mtandaoni husoma mwenyewe, peke yake, rekodi ya kila kilichopita kwenye laini yake, kisha humtaja mkosaji. Anayetajwa, mlango wake haumfungukii siku arobaini, na hukumu haifutwi.

Mwajabu aliisoma yake kwa hasira. Mtu alikuwa ameingia kwenye akaunti yake na kufuta sauti zote zilizorekodiwa za marehemu mama yake. Nywila elfu tisa zilijaribiwa kwa dakika moja zikagoma. Hiyo ilikuwa kazi ya mashine. Baadaye zikaja sita polepole, za mtu anayebonyeza kwa kidole. Ya mwisho ikafungua: Kifaranga. Mama, akiwa mgonjwa kitandani, alimwita Mwajabu hivyo mbele ya mtu mmoja tu, wifi yake Arafa, aliyemuuguza.

“Atanitambua!” alifoka, akamtaja Arafa.

Ghorofa ya juu, mlango wa chumba cha Arafa ukajifunga kwa kishindo. Arafa akaanza kuugonga. “Wifi, nimekukosea nini?”

Mwajabu akatabasamu. Roho yake ikatulia.

Mumewe, Kombo, akamletea chai na kumshika bega. “Umefanya vyema,” alisema kwa upole. “Sasa pumzika, Kifaranga.”

Miaka kumi na moja ya ndoa, hakuwahi kumwita hivyo. Juu, Arafa aliendelea kugonga.